Epidemiolojia kwa mwanafunzi wa afya: mwongozo kamili wa kuanza na swali "kati ya wangapi?"

Watu 43 waliokula aiskrimu ya vanila waliugua. Kwenye mlo huohuo, watu 29 waliokula paja la nguruwe waliugua, na 26 waliokula spinachi nao waliugua. Ukiishia hapo, vyakula vyote vitatu vinatia shaka na huna njia ya kukiachia hata kimoja. Njia inapatikana pale tu unapouliza swali la msingi la epidemiolojia, elimu ya jinsi magonjwa yanavyosambaa katika jamii: kati ya wangapi?

Namba hizo ni za kweli. Zinatoka kwenye mlo wa jioni wa kanisa uliofanyika tarehe 18 Aprili 1940 katika kaunti ya Oswego, jimbo la New York, Marekani. Watu 75 walihojiwa, na 46 kati yao walikuwa wameugua. Mlipuko huu umefundishwa kwa miongo mingi, na mimi nauchagua kila mara ninapoanza na wanafunzi wapya, kwa sababu ni mdogo kiasi cha kuhesabika kwa kalamu na karatasi, lakini una karibu kila mtego utakaokutana nao baadaye kwenye tafiti kubwa. Weka kikokotoo karibu. Mwongozo huu haufai kusomwa tu, unafaa kufanywa.

Hatua ya 1: Amua nani anahesabiwa kuwa mgonjwa

Kabla ya kuhesabu chochote, andika fasili ya mgonjwa. Fasili nzuri inataja mambo manne: dalili au matokeo ya kipimo, mtu wa aina gani, mahali gani, na ndani ya muda gani. Kwa mlo ule ningeandika hivi: "Mtu yeyote aliyehudhuria mlo wa tarehe 18 Aprili, au aliyekula chakula kilichoandaliwa kwa ajili yake, akapata kichefuchefu, kutapika, kuharisha au maumivu ya tumbo kabla ya mwisho wa siku iliyofuata."

Angalia nilichokiacha nje. Sikuandika "aliyekula aiskrimu". Ukiingiza kitu unachokishuku ndani ya fasili, umeshajijibu kabla ya kuuliza: kila mgonjwa wako atakuwa amekula aiskrimu kwa sababu wewe ndiye uliyewaondoa wengine. Kosa hili nimelisahihisha kwenye karatasi za wanafunzi mara nyingi mno, na huwa linafanywa na wale wenye akili ya haraka ambao wameshahisi jibu.

Kwenye milipuko ya kweli fasili huwa na ngazi: anayeshukiwa, anayeelekea kuwa na ugonjwa, na aliyethibitishwa kwa maabara. Ukibadilisha fasili katikati ya kazi, andika tarehe uliyoibadilisha. Mwaka 1993 Marekani ilipanua fasili ya UKIMWI ili kuwajumuisha watu ambao chembe zao za kinga za CD4 zimeshuka chini ya 200, na idadi ya wagonjwa walioripotiwa mwaka huo ikazidi mara mbili ya mwaka uliotangulia. Mtu aliyeiona grafu bila kujua habari ya fasili angedhani janga limelipuka upya.

Hatua ya 2: Tengeneza orodha, kisha isome kwa nani, wapi na lini

Kila mtu apate mstari wake mmoja: umri, jinsia, muda aliokula, alichokula, kama aliugua, na saa dalili zilipoanza. Waandike na wale ambao hawakuugua. Orodha ya wagonjwa peke yao itakueleza mlipuko ulivyokuwa, lakini haiwezi kukueleza sababu yake, kwani hakuna wa kuwalinganisha nao.

Sasa chora mchoro wa mlipuko. Mhimili wa chini ni muda, mhimili wa kusimama ni idadi ya walioanza kuugua. Mchoro ukipanda ghafla na kushuka upesi, fikiria chanzo kimoja kilichowapata watu kwa wakati mmoja. Ukiwa na mawimbi yanayofuatana na kila wimbi likizidi lililotangulia, fikiria ugonjwa unaopita kutoka mtu hadi mtu.

Huko Oswego, wagonjwa ambao muda wao wa kula ulijulikana waliugua baada ya saa 3 hadi 7, na muda wa katikati ulikuwa kama saa 4. Muda huo mfupi unasema mengi. Salmonela kwa kawaida inahitaji muda mrefu zaidi, mara nyingi saa 12 hadi 36, kwa kuwa lazima bakteria wazaliane kwanza ndani ya utumbo. Ugonjwa unaokuja baada ya saa chache unaelekeza kwenye sumu iliyokwisha kutengenezwa ndani ya chakula chenyewe, kama ile ya bakteria aina ya stafilokokasi. Kwa hiyo hata kabla ya maabara kuleta jibu, saa ya ukutani imeshapunguza orodha ya washukiwa.

Halafu kuna mstari mmoja kwenye orodha hiyo ambao huwaomba wanafunzi wausome mara mbili. Mtoto mmoja wa miaka 8 alianza kuugua saa tisa alasiri, wakati mlo wenyewe ulianza kutolewa jioni. Mwanafunzi wa haraka atamfuta, akisema ni kosa la uandishi au ugonjwa mwingine. Lakini mtoto huyo alikuwa amekula aiskrimu ya vanila saa tano asubuhi, zaidi ya saa sita kabla ya wengine kukaa mezani. Hesabu: saa tano hadi saa tisa ni saa nne kamili. Yule aliyeonekana kuharibu mchoro ndiye aliyekuwa na ushahidi wa thamani, maana aliila aiskrimu mapema, kabla ya mlo wenyewe. Usimfute mtu anayekaa mbali na wenzake kwenye mchoro kabla hujamuuliza.

Hatua ya 3: Tafuta namba ya chini

Kila kipimo cha epidemiolojia ni sehemu: kiasi juu, asili chini. Kiasi hupatikana kirahisi, wagonjwa hujileta wenyewe. Asili ndiyo inayotafutwa kwa jasho.

Mwaka 1854, kipindupindu kilipoipiga London, daktari John Snow alilinganisha kampuni mbili za maji zilizosambaza kwenye mitaa ileile. Southwark and Vauxhall ilichota maji kwenye sehemu ya mto Thames iliyochafuliwa na maji taka ya jiji. Lambeth ilikuwa imehamishia machoteo yake juu zaidi ya mto mwaka 1852. Snow alihesabu vifo 1,263 kwenye nyumba za kampuni ya kwanza na 98 kwenye nyumba za ya pili. Mkosoaji angeweza kusema kampuni ya kwanza ilikuwa na wateja wengi zaidi, basi ni kawaida iwe na vifo vingi. Snow alikuwa na jibu mkononi: nyumba 40,046 dhidi ya 26,107. Hiyo ni vifo 315 kwa kila nyumba 10,000, dhidi ya 37. Tofauti ya zaidi ya mara nane, ilhali bakteria wa kipindupindu alikuwa bado hajakubalika na wanasayansi wa enzi yake. Watu husimulia zaidi habari ya Snow na pampu ya maji ya Broad Street, aliyoihusisha na kipindupindu. Kwangu mimi jedwali hili la nyumba ndilo kazi yake kubwa.

Kuna vipimo viwili ambavyo lazima uvitenganishe kichwani mapema. Ushamiri ni idadi ya watu wote wenye ugonjwa kwa wakati fulani, wa zamani na wapya pamoja, ukigawanya kwa watu wote wa jamii hiyo. Kiwango cha wagonjwa wapya kinahesabu tu walioanza kuugua ndani ya kipindi fulani, ukigawanya kwa watu waliokuwa bado wazima na wanaoweza kuugua kipindi kilipoanza. Aliyekwisha kuugua hawezi kukaa chini ya mstari kwenye kipimo cha pili. Vivyo hivyo, mtu asiye na mlango wa kizazi hahesabiwi kwenye asili ya saratani ya mlango wa kizazi.

Vipimo hivi vinahusiana. Ugonjwa ukiwa adimu na hali ikiwa imetulia, ushamiri unakaribia kiwango cha wagonjwa wapya ukikizidisha kwa muda ambao mtu hukaa na ugonjwa. Ndiyo maana dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zinaweza kuongeza ushamiri wa VVU: watu hawafi tena kama zamani, wanaishi na kuendelea kuhesabiwa. Ushamiri ukipanda, usikimbilie kusema mambo yameharibika. Uliza kwanza kama wapya wameongezeka au kama waliopo wanaishi muda mrefu zaidi.

Pale ambapo watu wanafuatiliwa kwa vipindi visivyolingana, asili inakuwa muda badala ya vichwa. Mtu mmoja akifuatiliwa miaka 5, mwingine 2 na wa tatu 3, una watu-miaka 10. Wagonjwa wapya wawili ndani ya muda huo ni wagonjwa 2 kwa watu-miaka 10, au 20 kwa watu-miaka 100.

Hatua ya 4: Jedwali la mbili kwa mbili

Hapa ndipo pa kukaa. Chora mistari miwili na safu mbili, na daima weka mpangilio uleule: waliokutana na kihatarishi (kitu kinachoshukiwa kuongeza hatari ya kuugua) juu, wasiokutana nacho chini, wagonjwa kushoto, wazima kulia. Vitabu hutofautiana katika mpangilio, na nusu ya makosa ya mtihani hutokana na kunakili fomula ya kitabu kimoja kwenye jedwali la kingine.

| | Waliougua | Hawakuugua | Jumla |
|---|---|---|---|
| Walikula vanila | 43 | 11 | 54 |
| Hawakula vanila | 3 | 18 | 21 |
| Jumla | 46 | 29 | 75 |

Kiwango cha kuugua kwa waliokula: 43 ÷ 54 = asilimia 79.6. Kwa wasiokula: 3 ÷ 21 = asilimia 14.3. Gawanya cha kwanza kwa cha pili upate uwiano wa hatari: 5.6. Waliokula vanila waliugua kwa kiwango cha mara 5.6 ya wasiokula. Sema sentensi hiyo kwa sauti, yote, ukiwataja waliokula na wasiokula. Namba tupu ya "5.6" haina maana mpaka uwe umesema nani dhidi ya nani.

Sasa fanya vilevile kwa paja la nguruwe. Waliolila walikuwa 46, wakaugua 29: asilimia 63. Wasiolila walikuwa 29, wakaugua 17: asilimia 58.6. Uwiano ni 1.1, karibu sawa na 1, na 1 maana yake hakuna tofauti. Spinachi: 26 kati ya 43 (asilimia 60.5) dhidi ya 20 kati ya 32 (asilimia 62.5). Uwiano 0.97. Wale wagonjwa 29 na 26 waliotutisha mwanzoni waliugua kama walivyougua wenzao ambao hawakuvigusa vyakula hivyo.

Toa pia, badala ya kugawa tu. 79.6 toa 14.3 ni 65.3: tofauti ya hatari. Katika kila watu 100 waliokula vanila, kama 65 waliugua kwa ziada, juu ya wale ambao wangeugua hata hivyo, iwapo vanila ndiyo sababu. Uwiano unakueleza uhusiano una nguvu kiasi gani. Tofauti inakueleza ni watu wangapi ungewaokoa. Kihatarishi kinachozidisha mara kumi ugonjwa adimu sana kinaweza kuwagusa watu wachache kuliko kinachozidisha mara moja na nusu ugonjwa ulioenea. Mganga mkuu anayepanga bajeti anahitaji kutoa zaidi kuliko kugawa.

Kuna kipimo cha tatu, uwiano wa uwezekano. Hapa hulinganishi wagonjwa na jumla, unalinganisha wagonjwa na wazima: 43 kwa 11 upande mmoja, 3 kwa 18 upande wa pili. Njia ya mkato ni kuzidisha kwa mshazari: (43 × 18) ÷ (11 × 3) = 23.5. Angalia umbali kati ya 23.5 na 5.6, kwa data ileile! Vipimo hivi viwili vinakaribiana pale tu ugonjwa unapokuwa adimu. Huku asilimia 61 ya waliohojiwa waliugua, kwa hiyo vimeachana mbali. Ukisoma habari kwamba kitu fulani kinaongeza hatari "mara 23", rudi kwenye jedwali uone ni uwiano upi ulioripotiwa.

Na wale watatu walioumwa bila kula vanila? Wasikusumbue. Huenda mmoja alisahau, huenda kijiko kilikuwa kimoja, huenda mwingine alikuwa na tumbo lake la siku zote. Jedwali la kweli halitoki safi.

Hatua ya 5: Chagua muundo wa utafiti unaolingana na swali

Mlipuko wa Oswego ulikuwa rahisi kwa sababu watu wote walijulikana. Mara nyingi hutakuwa na bahati hiyo.

Ukitaka kujua hali ilivyo leo, fanya utafiti wa wakati mmoja: pima kihatarishi na ugonjwa kwa pamoja. Ni wa haraka, lakini hausemi kipi kilitangulia. Ugonjwa ukiwa adimu, anza na wagonjwa, tafuta wasio wagonjwa wa kulinganisha nao, kisha uliza yaliyopita. Hivyo ndivyo Richard Doll na Austin Bradford Hill walivyofanya katika utafiti wa saratani ya mapafu na uvutaji sigara waliouchapisha mwaka 1950 nchini Uingereza. Katika muundo huu wewe ndiye uliyeamua idadi ya wagonjwa na wazima, kwa hiyo huwezi kukokotoa kiwango cha kuugua. Tumia uwiano wa uwezekano. Kukokotoa uwiano wa hatari kutoka utafiti wa aina hii ni kosa ambalo mtahini hasamehi, na yuko sahihi.

Kihatarishi kikiwa adimu, au ukitaka kuwa na hakika ya kipi kilitangulia, fuatilia kundi la wazima kwa muda. Doll na Hill hawakuridhika na kazi ya 1950. Mwaka 1951 waliwaandikia madaktari wa Uingereza, na zaidi ya 40,000 wakajibu, wakafuatiliwa kwa miongo. Huko Framingham, Massachusetts, ufuatiliaji wa magonjwa ya moyo ulianza mwaka 1948 na watu 5,209.

Na ukiweza, na ikiwa ni halali kimaadili, wagawe watu kwa bahati nasibu. Sababu utaiona kwenye hatua ya mwisho.

Hatua ya 6: Jua kipimo chako kinakosea vipi

Kipimo kinachonasa asilimia 90 ya wagonjwa na kuwaachia asilimia 95 ya wazima kinasikika kizuri. Kipeleke kwa watu 10,000 ambao asilimia 1 wanaumwa. Wagonjwa ni 100, kinawanasa 90. Wazima ni 9,900, kinawasingizia asilimia 5, yaani 495. Walioambiwa wanaumwa ni 585, na wenye ugonjwa kweli ni 90 tu: asilimia 15. Kipeleke kipimo hichohicho mahali ambapo asilimia 20 wanaumwa: 1,800 wa kweli, 400 waliosingiziwa, jumla 2,200, na asilimia 82 ya majibu chanya ni ya kweli. Kifaa hakikubadilika hata chembe. Watu ndio waliobadilika. Rudia hesabu hii kwa namba zako mwenyewe hadi uweze kumweleza mgonjwa bila karatasi, kwa sababu siku moja utakaa mbele ya mtu aliyepewa jibu chanya na amekosa usingizi.

Hatua ya 7: Kabla ya kusema "husababisha"

Umeona uhusiano. Pitia maswali matatu kwa mpangilio.

Je, ni bahati tu? Kokotoa masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani eneo ambamo thamani ya kweli inaelekea kuwemo. Kwa vanila, uwiano wa 5.6 una masafa kuanzia 1.9 hadi 16. Ni mapana kwa kuwa watu ni wachache, lakini hayagusi 1. Toa masafa haya daima. Thamani ya P (uwezekano wa kuona tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kwa bahati tu, kama uhusiano haupo) peke yake inaficha ukubwa wa athari.

Je, ni upendeleo? Wagonjwa hukumbuka walichokula vizuri kuliko wazima, maana wamekaa usiku kucha wakikiwaza. Waliokubali kuhojiwa huenda hawafanani na waliokataa. Upendeleo hauponi kwa kuongeza idadi ya watu. Unapata tu jibu lilelile potofu kwa uhakika zaidi.

Je, kuna kivurugaji, yaani kitu cha tatu kinachoambatana na kihatarishi na pia kuleta ugonjwa chenyewe? Tafiti za ufuatiliaji zilionyesha kwamba watu wenye betakarotini (kirutubisho kilichomo kwenye mboga na matunda) nyingi mwilini hawakupata sana saratani ya mapafu. Nchini Finland wavutaji sigara wanaume 29,133 waliingizwa kwenye jaribio lenye mgawanyo wa bahati nasibu, na matokeo yakatoka mwaka 1994: waliopewa vidonge vya betakarotini walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Wala mboga na matunda kwa wingi hutofautiana na wengine kwa mambo mengi, na bahati nasibu ndiyo iliyoyasawazisha hayo yote, hata yale ambayo hakuna aliyefikiria kuyapima.

Mwaka 1965 Bradford Hill alitaja mambo tisa ya kutazama kabla ya kuhukumu sababu, kama nguvu ya uhusiano, kurudiwa kwa matokeo, na ugonjwa kuongezeka kadiri dozi inavyoongezeka. Usiyatumie kama orodha ya kuweka tiki. Ni moja tu lisilokwepeka: sababu itangulie tokeo.

Sasa jaribu mwenyewe. Kwenye mlo uleule kulikuwa na aiskrimu ya chokoleti. Waliokula walikuwa 47, wakaugua 25. Wasiokula walikuwa 27, wakaugua 20. Kwanza jumlisha: 74, si 75, maana jibu la mtu mmoja halikupatikana; ukiliona hilo kabla sijalisema, umeanza kusoma majedwali inavyotakiwa. Kiwango kwa waliokula ni asilimia 53.2, kwa wasiokula 74.1, uwiano 0.72. Je, chokoleti ni kinga?

Jiulize nani asiyekula chokoleti. Mtu anayekwenda kwenye meza yenye aiskrimu mbili akaacha moja, mara nyingi amechukua ile nyingine. Wagawe watu kwanza kwa vanila, waliokula huku na wasiokula kule, kisha ndani ya kila kundi tengeneza jedwali lake la chokoleti. Ikiwa ile "kinga" inayeyuka ndani ya makundi yote mawili, chokoleti haikumkinga mtu yeyote; ilikuwa tu alama ya watu walioikosa vanila.